Kisigino cha Kushoto

Mume wangu hawatazami watu usoni. Anaanza na viatu, kisha akipenda ndio anapanda juu. Miaka thelathini ya kushona soli imemharibu kabisa. Hata msibani ataninong'oneza, "Mama, yule shemeji wa marehemu anatembea kwa upande, ona soli ya kulia ilivyolika," nami namfinya paja anyamaze. Mimi nakaa naye dukani, napokea viatu, navifungia vikaratasi vya namba, nagombana na wateja wanaosema "nakuja kesho" halafu tunaonana mwakani. Kwa hiyo nikikwambia kwamba mtu huyu, anayejua kisigino cha kila jirani, hakuwahi kuupima mguu wa mwanawe wa kumzaa kwa miaka kumi na minane, usidhani nakutania.

Sababu naijua. Mtoto alikuwa na miaka sita. Baba yake alimpakia nyuma ya baiskeli kumpeleka shule, huku akiimba na kupiga kengele kwa mbwembwe zake, na mguu wa kushoto ukaingia kwenye spoku. Mfupa ulivunjika mahali pawili. Plasta ilipotolewa daktari alipima, akasema mguu umebaki mfupi kidogo, haufiki unene wa kidole. Labda utasawazika mtoto akikua, akasema, labda hautasawazika. Fundi wangu alisikia labda ya pili tu. Tulipofika nyumbani aliigawa ile baiskeli bure, akaingia dukani, akakata kipande cha ngozi kwa kipimo cha daktari, akakitia ndani ya kiatu cha shule cha kushoto, chini ya kisigino. Tangu siku hiyo hakuna kiatu cha mtoto huyo kilichoingia kwetu kikakosa kipande chake. Hata kandambili, jamani! Aliitia ngozi kandambili.

Mtoto tukamwita Panzi, maana miezi ile ya plasta alirukaruka kwa mguu mmoja nyumba nzima, akapasua vikombe vyangu vitatu. Panzi huyohuyo ndiye aliyekuja kuchagua kazi ya kukimbia. Mita elfu moja na mia tano: mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja, si mbio za kufyatuka kama risasi, wala si zile ndefu ambazo unaweza kwenda kupika ukarudi ukawakuta bado wanazunguka. Kila alipopata viatu vipya baba yake alikuwa wa kwanza kuvishika. "Wewe kimbia na mguu wa kulia," alimwambia, "wa kushoto niachie mimi." Walicheka wote wawili, lakini mimi nilijua mmoja wao hatanii.

Alipofika miaka kumi na saba, daktari wa timu alimpima upya. Panzi alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Mama, miguu iko sawa. Sawa kabisa. Anasema nikiendelea kuweka ile ngozi nitaumia nyonga."

Niliweka mwiko chini nikapiga vigelegele, naye akaniziba mdomo kwa mkono.

"Usimwambie baba."

"Nisimwambie? Atafurahi huyo, ataruka!"

"Mama, ameshanikatia vipande vya mwaka mzima. Amevipanga kwenye kopo. Nitamwambia nini, kwamba kazi yake haina maana tena? Mwache tu. Mimi nitakuwa navichomoa njiani."

Nami, kwa akili zangu hizi, nikakubali. Niliona ni huruma. Akitoka nyumbani alichomoa, akirudi alirudishia. Nikifua nguo nikikuta kipande mfukoni, nilikirudisha kiatuni kimyakimya kama mwizi anayerudisha mali. Miaka saba tuliishi hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitu juu ya mtu anayeficha uzima, kwa sababu nadhani hawakuwahi kumwona mjinga wa namna hiyo.

Basi Panzi akafuzu kwenda kwenye mashindano ya dunia, na shirikisho likatupa tiketi mbili, za baba na mama. Fundi alifunga mzigo wake: nyundo ndogo, sindano, uzi wa nta, kisu cha ngozi na lile kopo la vipande. Uwanja wa ndege walibaki na nyundo, sindano na kisu. Alinuna angani saa tisa nzima. "Wamenivua nguo," alisema, akageukia dirishani.

Panzi alikimbia mchujo, akapita. Akakimbia nusu fainali, akapita, wa mwisho kati ya waliopita, lakini kupita ni kupita. Kabla ya kila mbio alikuja kwenye chumba chetu cha wageni na jozi zake mbili, ile ya kukimbilia na ya akiba, akasema, "Baba, nikagulie." Fundi anavigeuza, anakaza njumu moja moja, anaingiza kidole kuhakikisha ngozi yake iko mahali pake, anavirudisha. Na Panzi akifika uwanjani anachomoa. Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka siku ya mapumziko kabla ya fainali.

Siku hiyo Panzi alituachia begi asubuhi akaenda kuchuliwa misuli. Fundi alikuwa akitafuta soksi chafu anipe nifue. Badala ya soksi akaibuka na kipande cha ngozi, kilichokuwa kimekaa chini kabisa ya begi.

"Mama! Ona! Kumbe kinachomoka chenyewe!"

"Mtoto amekimbia nusu fainali bila kisigino, ndiyo maana amepita kwa kubahatisha! Na hasemi! Mkaidi kama wewe."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua kinywa. Mlango ulikuwa wazi, ningepita tu. Badala yake nikasema, "Ah, pengine," nikaendelea kukunja taulo ambalo nilikuwa nimeshalikunja.

Fundi alitoka. Alirudi baada ya saa mbili, ameng'aa uso. Alikuwa amempata fundi viatu wa mji ule, kwenye kibanda kando ya stesheni. Hawakuelewana hata neno moja, na walikuwa wameshinda wakionyeshana nyuzi na kucheka. Yule mwenzake alimpa mkebe mdogo wa gundi, ile gundi kali ya kazi, ambayo ukishagandisha umegandisha. Mchana ule mume wangu alikaa kitandani na kubandika ngozi kwenye kisigino cha kushoto cha jozi ya kwanza. Halafu, kwa kuwa ni mtu makini, akabandika na jozi ya akiba.

"Sasa hata apigwe na kimbunga," alisema.

Panzi alipitia begi jioni, akambusu baba yake kichwani, akaondoka bila kulifungua. Nilitaka kumkimbilia nimwambie, lakini Fundi alikuwa amesimama nami mlangoni akimpungia mkono. Nikajiambia, mtoto ni mtu mzima, atajua la kufanya.

Siku ya fainali tulikuwa tumeshakaa kwenye viti vyetu, Fundi ameinamia mbele anachunguza njumu za warusha mkuki, simu yangu ikalia. Alikuwa kocha. Kocha wa Panzi ni mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, lakini siku ile alipaza.

"Mama, njooni kwenye uzio wa uwanja wa mazoezi. Wewe na Fundi. Sasa hivi!"

Tulishuka ngazi mbio. Uwanja wa mazoezi uko nyuma, na kati yake na njia ya watu kuna uzio wa waya. Panzi alikuwa upande wa pili, pekupeku, viatu mkononi. Kocha alitueleza kwa pumzi moja. Kuna mama wa kamati mwenye chuma cha kupimia unene wa soli. Sheria ina kikomo chake, ukikizidi hata kwa ukucha hukimbii. Kiatu cha kushoto kimezidi, jozi zote mbili. Panzi amejaribu kuomba viatu kwa wakimbiaji wengine, amepata jozi moja tu, nayo ni ya mtu mwenye mguu wa mtoto. Amejaribu kukwangua ngozi kwa ufunguo, na soli ya ndani ikaanza kuchanika pamoja nayo. Zimebaki dakika ishirini wachezaji waitwe. Asiyeingia akiitwa, mbio zake zimeishia hapo.

"Baba, toa tu," Panzi alisema. Alisukuma kiatu chini ya waya. "Wewe peke yako ndiye unayeweza kuitoa bila kukichana."

"Nitoe?" Fundi hakukigusa. "Nitoe, halafu ukimbie ukichechemea mbele ya dunia nzima? Uvunjike nyonga? Ng'o! Niitieni huyo mama mwenye chuma."

"Fundi, sheria ni sheria," kocha alisema.

"Niitieni! Nitamweleza mwenyewe. Nitamwambia mtoto huyu ana mguu mfupi, na mimi ndiye niliyeuvunja. Mimi, kwa baiskeli yangu, kwa upuuzi wangu. Adhabu anipe mimi, asimpe yeye."

Miaka kumi na minane tangu siku ile nimelala kitanda kimoja na mwanamume yule, sikuwahi kumsikia akisema maneno hayo. Tulisema "ajali". Tulisema "ile siku". Panzi alinitazama kupitia waya na macho yake yalikuwa yakiniomba kitu, nami sikujua ananiomba niseme au ninyamaze. Nikapiga moyo konde.

"Toa, mume wangu. Mguu umepona."

"Nini?"

"Ulipona zamani. Daktari wa timu aliupima. Tangu ana miaka kumi na saba hajakimbia na ngozi yako hata siku moja. Anaichomoa. Mimi najua. Nilijua siku zote."

Fundi alinitazama usoni moja kwa moja. Nilitamani atazame viatu vyangu. Kisha alimtazama Panzi, na Panzi akainamisha kichwa, kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu kama mlingoti, akiwa kama aliyevunja dirisha la jirani. Spika za uwanja zilikuwa zikitangaza mbio za kina dada.

"Chai," Fundi alisema.

"Unasemaje?"

"Nani ana chai ya moto? Haraka!"

Kocha alikuwa na chupa yake ya chai. Fundi aliomba mfuko wa plastiki, akamimina chai ndani, akaufunga fundo, akausokomeza kiatuni juu ya ngozi, akakandamiza kwa kiganja. Gundi ile haiogopi nguvu, lakini ikipata joto inalegea. Alihesabu kwa midomo bila sauti. Mkono ulimuungua, nikaona, lakini hakuuondoa. Halafu akaninyooshea mkono mwingine bila kunitazama. "Kitana." Nikachomoa kitana changu cha mkia kutoka kwenye mkoba. Aliingiza mkia ule pembeni ya ngozi, taratibu, akiusogeza kidogo kidogo, na huku amekunja uso vilevile kama anavyokaa dukani na kiatu cha mteja mkorofi. Ngozi ikainuka upande mmoja. Akaongeza chai. Ikainuka upande wa pili. Kocha alikuwa akitaja dakika: nane, saba, sita. Mwishowe ikatoka nzima, na soli chini yake haikuwa na hata mkwaruzo.

Alipitisha kidole ndani mara mbili, akakipangusa kiatu kwa shati lake, akakirudisha chini ya waya. Yule mama wa kamati alikuja na chuma chake. Alipima, akapima tena, akatikisa kichwa kukubali.

"Baba," Panzi alianza.

"Nenda. Wanakuita."

Hatukusemezana mpaka vitini. Nilifikiri: nimemvunja mume wangu leo, na kama mtoto akishindwa nitakuwa nimewavunja wote wawili kwa ulimi mmoja uliochelewa miaka saba.

Wanaume kumi na wawili walijipanga. Bunduki ikalia. Unajua mbio hizi zilivyo: mzunguko wa kwanza hakuna anayetaka kuongoza, kila mmoja anamkwepa mwenzake, viwiko vinafanya kazi, wanakwenda kama watu wa foleni wanaojifanya hawaruki foleni. Panzi alikuwa nyuma, wa kumi.

"Wa kumi!" nikasema. Nilikuwa nimesahau kwamba hatusemezani.

Fundi hakuwa akiangalia nani wa ngapi. Macho yake yalikuwa chini, kwenye miguu.

Mzunguko wa pili, mmoja wa mbele alichoka kusubiri akaongeza mwendo, mstari ukarefuka. Panzi wa tisa. Wa nane. Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele, na aliyekikalia akageuka kunitazama, nikamwambia ageuke mbele, mbio ziko huko.

"Hachechemei," Fundi alisema polepole.

"Amebanwa kwa ndani, mume wangu, atatokaje pale?"

"Hachechemei, Mama. Angalia. Kushoto kulia, kushoto kulia. Sawa."

Kengele ya mzunguko wa mwisho ikapigwa. Panzi wa saba. Watu wote wakasimama, nami nikapanda juu ya kiti, mama mzima mwenye magoti mabovu. Kwenye njia iliyonyooka ya upande wa mbali alitoka nje ya kundi, akapita mmoja, akapita wa pili. Kwenye kona ya mwisho alikuwa wa tano na nilikuwa sina sauti tena. Walipoingia njia iliyonyooka ya mwisho wawili wa mbele walikuwa wameshakwenda zao, hao hawashikiki, lakini nyuma yao palikuwa na watatu wanaogombea nafasi moja, na mmoja wao alikuwa wangu. Kifua kwa kifua, kifua kwa kifua, na kwenye mstari Panzi alijitupa mbele nusura aanguke. Ubao ulichelewa kuandika. Ulipoandika, alikuwa wa tatu.

Nilipiga vigelegele mpaka watu wa safu tatu wakageuka. Nikamgeukia Fundi nimkumbatie. Alikuwa amekaa. Dunia nzima imesimama, yeye amekaa, amefunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika.

Nikakaa karibu yake. "Nisamehe, mume wangu. Tulikuonea huruma. Mtoto hakutaka uone kazi yako imekwisha."

"Miaka saba, Mama," alisema. "Mngeniambia, ningelala."

Basi hapo nikaelewa, na nilivyoelewa niliona haya mpaka kwenye kucha. Mtu huyu huamka saa tisa usiku akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda. Nikimuuliza, anasema ni mgongo, ni kazi ya kuinama. Nilimnunulia mafuta ya kuchua, nilimbadilishia godoro. Kumbe kila usiku alikuwa barabarani na baiskeli yake, na dawa ilikuwa kinywani mwangu. Tulidhani tunamtunzia furaha yake ya kukata ngozi. Tulichomtunzia ni kosa lake, tukalitunza vizuri, likakaa bila vumbi. Nikamshika mkono ule ulioungua, naye akaniachia niushike.

Panzi alikuja chini ya jukwaa letu, bendera mabegani, jasho linamtiririka. Kocha alikuwa nyuma yake akilia waziwazi. Fundi alishuka ngazi akishika viti, akafika kwenye kizuizi cha chuma, akavuka mguu mmoja, akavuka wa pili. Mlinzi mmoja alimkimbilia kumzuia, kisha akabaki amesimama tu.

"Baba, nilikuwa nataka kukwambia, ila..."

"Simama wima."

"Baba..."

"Vua viatu. Simama wima, miguu pamoja."

Panzi alivua viatu, akasimama wima. Mume wangu alipiga magoti kwenye ile njia nyekundu, mbele ya kamera na watu wote wale, akaweka viganja viwili kwenye nyonga za mwanawe, kimoja huku kimoja huku, akafumba macho. Anapima hivyo hata dukani, anasema macho hudanganya. Aliteremsha mikono mpaka magotini, akasimamisha vidole gumba juu ya magoti yote mawili. Akateremka mpaka vifundoni. Akarudia tangu mwanzo. Panzi alikuwa akilia bila sauti na machozi yalimdondokea baba yake kwenye upara.

Mwandishi mmoja wa redio ya kwetu alipenya na kinasa sauti chake, kijana mchangamfu, akakiinamisha mpaka mdomoni mwa Fundi.

"Mzee, hongera sana! Unajisikiaje mwanao kupata shaba?"

Fundi alifumbua macho. Alimtazama yule kijana usoni kama mtu aliyeamshwa.

"Shaba gani?" alisema. "Mguu umepona! Sikia, andika: mguu wa mtoto wangu umepona!"

Mwandishi alinigeukia mimi ili nimsaidie. Nikamwambia aandike hivyohivyo.